"News" na pande nne za dunia

Leo nimeumbuka mbele ya mtoto wa dada yangu, chai ikiwa bado ya moto mezani.

Yuko darasa la sita. Kaniuliza neno "news" limetoka wapi. Nikajiweka sawa kitini: North, East, West, South. Habari hutoka pande zote nne za dunia! Nilifundishwa hivyo shuleni, na hadithi hiyo nimeitembeza miaka ishirini.

Akanyamaza kidogo.

"Sasa mjomba, mbona kusini imewekwa mwisho?"

Sikuwa na jibu.

Tukafungua kamusi. Kumbe ni "new" tu, yaani mpya, ikaongezwa s ya wingi: mambo mapya. Wafaransa nao husema "nouvelles", mtindo uleule. Neno lina zaidi ya miaka 500, na enzi hizo watu hawakuwa na mazoea ya kuunda maneno kwa herufi za mwanzo.

Tukahamia "hamburger". Wala haitokani na "ham", nyama ya nguruwe. Ni Hamburg, mji wa Ujerumani! Waingereza na Wamarekani wakalikata neno mahali pasipo pake, kana kwamba ni "ham" na "burger", wakabaki na "burger".

Nikajitetea: hata sisi tulipokea "kitab" ya Waarabu, tukadhani "ki" ni yetu, tukapata vitabu.

Akanipigapiga begani. "Usijali mjomba, hadithi yako ilikuwa nzuri."

Yaani kanihurumia!

Nani mwingine alilishwa hii ya pande nne? Jitokezeni, nisione haya peke yangu.