Dua iliyomo ndani ya "goodbye"

Jana alfajiri tulimsindikiza mdogo wangu stendi ya Magufuli, Mbezi. Mama alimshika mkono dirishani mpaka konda akagonga bodi. "Mungu akutangulie, mwanangu." Dogo akajibu, "Goodbye, mama."

Mama hakulipenda jibu lile, aliliona kavu. Njiani nikamweleza: neno hilo lilikuwa sentensi nzima, "God be with ye", yaani Mungu awe nawe. Waingereza wa karne ya 16 walilitamka harakaharaka mpaka likabanwa. Katika barua ya mwaka 1573 limeandikwa "godbwye". Baadaye "God" ikageuka "good", kwa kufuata "good day" na "good evening". "Adieu" ya Wafaransa nayo ni "kwa Mungu". Siku hizi imebaki "bye" ya kukatia simu, na hata pesa ikipotea wanasema umeiambia goodbye. Naona uchungu dua kuchakaa hivyo.

Mama alinyamaza hadi Kimara, kisha akasema, "Kumbe mtoto aliniombea." Usiku dogo alipopiga simu kusema amefika Mbeya, mama alimaliza kwa "goodbye", taratibu, herufi kwa herufi.