Sindano Aliyoikataa Mama Mdogo

"Mama, hivi dawa ukimeza inafika mpaka kwenye ubongo?" Binti yangu aliniuliza juzi, kitabu cha baiolojia kikiwa mapajani, nami nikamkumbuka Salimu, mtoto wa mama mdogo, na ile wodi.

Homa, kichwa, mtaa mzima wa Ngamiani, Tanga, ukituambia ni malaria, hadi akaacha kututambua. Hospitalini wakampima maji ya uti wa mgongo. TB ya utando wa ubongo. Dawa za TB akaanzishwa siku hiyo hiyo.

Ninachokiona mpaka leo ni daktari kijana kashika sindano ya deksamethasoni, na mama mdogo kamdaka mkono.

"Baba, hiyo si ndiyo wanayomeza wasichana wanenepe? Mwanangu anakufa, wewe wamtia unene?"

Daktari hakukasirika. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akachora mshipa mdogo wa damu nyuma ya karatasi ya vipimo: seli zimebanana, zimezungukwa na utando mwembamba wa kolajeni, protini inayoshikilia tishu.

"Mama, huu ndio ukuta unaozuia vya kwenye damu visiingie ovyo kwenye ubongo. Mwili ukipigana na vijidudu, chembe nyeupe zinamwaga vimeng'enya, navyo vinakula kolajeni hii." Akautoboa mchoro kwa ncha ya kalamu, hapa na hapa. "Maji yanapenya, ubongo unavimba, na fuvu halitanuki. Dawa za TB zinaua vijidudu. Hii inatuliza vita, vimeng'enya visizidi."

Mama mdogo aliitazama karatasi ile kitambo, akauachia mkono. "Haya. Bismillahi, mchome."

Miaka baadaye nilisoma utafiti wa Vietnam uliotoka 2004, wagonjwa 545 wa TB kama ile ya Salimu. Kati ya waliopewa deksamethasoni walifariki kama 32 kwa kila 100; wasiopewa, 41. Baadhi yao walipimwa maji ya uti wa mgongo, na kimojawapo cha vimeng'enya vile vinavyokula kolajeni, kiitwacho MMP-9, kilikuwa kimeshuka mapema kwa waliopewa dawa. Ulemavu mkubwa kwa walionusurika, lakini, haukupungua.

Salimu yu hai, ana duka Makorora. Mkono wake wa kulia haujarudi.

Nashukuru kwa sindano ile, na bado sijaridhika. Doksisiklini, dawa ya bakteria inayouzwa kila duka la dawa, huvizuia vimeng'enya hivyo, na kwa panya wenye homa ya uti wa mgongo iliupunguzia ukuta ule madhara. Kutoka kwa panya hadi kwa kina Salimu ni safari ndefu. Nataka ifupishwe.