Athmani na bildi: kumbukumbu ya riwaya ninayoiandika

Machi

Riwaya imeanza. Ni ya vijana wa darasa la saba na kuendelea, na mhusika wake mkuu ni Athmani, mvulana wa miaka 14 wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu ambacho mafundi wake wamejenga majahazi vizazi na vizazi. Kisa kinatokea miaka ya 1950. Wakati huo boriti za mikoko zilikuwa bado zinapakiwa kwa wingi Lamu kupelekwa Mombasa, Arabuni na Ghuba, kubeba madari ya nyumba za huko. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Athmani anapanda jahazi la Nahodha Shee kwa safari yake ya kwanza, naye kazi yake ni kupika, kufua maji (kuyateka na kuyamwaga nje yanapoingia chomboni) na kutumwa na kila mtu.

Nimemchagua mtoto mwema asiyejiamini kwa sababu nawajua watoto wa namna hiyo, na nina hamu ya kuwaona vitabuni wakiwa watu kamili. Mara nyingi huwekwa hadithini ili wahurumiwe. Au huwekwa wangoje sura ya mwisho, wageuzwe kuwa watu wengine wenye sauti nzito na wasioogopa kitu. Athmani nataka afike mwisho akiwa yuleyule Athmani, ila amekua.

Shujaa mkubwa wa pwani ile ni Fumo Liyongo, na huwezi kumlea mtoto Lamu bila kisa chake. Nimeandika usiku mmoja bibi yake anaposimulia. Liyongo amechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Anashika uta wake, anapiga goti karibu na kisima, anakufa vivyo hivyo alivyo. Watu wa mji wanamwona kwa mbali, wanadhani yu hai, hakuna anayethubutu kwenda kuteka. Wenzake Athmani wanataka kujua uta ulikuwa mzito kiasi gani. Yeye anauliza, "Bibi, siku zile watoto wa mji walikunywa maji ya wapi?" Bibi anamtazama kidogo. "Lala sasa, babangu."

Nilipomaliza ukurasa huo nilimjua kijana wangu. Sijaandika popote kwamba ana huruma, wala sitaandika.

Aprili

Swali la mwezi huu: shaka yake inatoka wapi?

Sikutaka kumuulia mzazi, wala kumpa baba wa kumpiga na kumtukana. Watoto wengi wasiojiamini wamelelewa vizuri tu. Nikatafuta jambo dogo, la kazini, ambalo mtu mzima angelisahau kabla ya jua kutua.

Nililolipata ni hili. Jahazi la Nahodha Shee lilipandishwa pwani Matondoni kukarabatiwa, na baba yake Athmani akamwachia mshono mmoja wa kalafati. Pamba iliyoloweshwa mafuta husindiliwa kati ya mbao na mbao kwa chombo butu na nyundo. Ikiachwa legevu maji yanapita. Athmani aliufanya mshono wake, baba akapitisha kidole juu yake kutoka mwanzo hadi mwisho, akasema, "Haya," akaenda kushughulikia kwingine. Hakusifu, hakukosoa. Alikuwa na kazi nyingi siku ile.

Sasa mtoto yumo ndani ya chombo hichohicho, na kazi yake kubwa ni kufua maji ya ngamani, chini kabisa ya chombo. Kila kata anayoinua anajiuliza kama maji haya yamepita kwenye mshono wake. Nahodha anamwona, anamweleza mambo ambayo ni kweli tupu: hakuna chombo cha mbao kisichoingiza maji, na jahazi lililokaa nchi kavu likakauka huvuja zaidi siku za mwanzo, mpaka mbao zinywe maji, zivimbe, zijibane. Athmani anaitikia, "Naam, bwana." Anaendelea kufua. Hajaamini hata neno moja, ingawa anamheshimu Nahodha kuliko mtu yeyote pale.

Hapo ndipo riwaya iliponishika kwa nguvu. Mtu asiyejiamini haponi kwa kuambiwa, hata anayemwambia akiwa mjuzi na mwenye nia njema, na sababu zake zikiwa nzuri. Anayasikia maneno yote, anayahesabu kuwa ni upole wa msemaji, kisha anarudi kwenye hesabu yake mwenyewe. Wahusika wa hadithi nyingi huponywa na hotuba moja ya mzee. Athmani hatapewa hotuba.

Nimeamua pia kwamba mshono ule hautajulikana kamwe kama ulivuja. Jahazi litakapopandishwa Mombasa, mafundi watang'oa pamba ya upande mzima, watatia nyingine, watapaka deheni, na jibu litakuwa limetupwa pamoja na pamba kuukuu.

Mei

Mwezi wa lugha. Msimulizi anatumia Kiswahili sanifu. Mabaharia wanasema Kiamu, lahaja ya Lamu, kwa kipimo ambacho msomaji wa Morogoro au Kisumu atakifuata bila kukwama. Mzee mmoja aliyekuwa nahodha ananikaribisha barazani kwake kila niendapo Lamu, ananipa maneno ya kazi na mahali pa kila kitu chomboni: omo (mbele ya chombo), tezi (nyuma yake), foromali, demani, joshi. Pepo pia zimekaa sawa. Safari ya kwenda Mombasa inafanyika Desemba, kaskazi imeanza kuvuma, na njia yenyewe ni kama kilomita 240 ukiipima kwa mstari ulionyooka.

Juni

Nimewasomea wanafunzi sura za mwanzo. Walimpenda Athmani, na kwa kweli nilifurahi mno kuona hivyo. Anapika wali, anawapakulia wenzake, yeye akabaki na ukoko. Baharia Kombo anapopata homa, yeye ndiye anayemlowesha kitambaa cha kichwa usiku kucha. Akiombwa ashike zamu ya mtu, anashika. Kisha msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Huyu hakasiriki?"

Swali hilo limenifanyisha kazi mwezi mzima. Kuna wema, na kuna woga wa kumuudhi mtu, na kwa mtazamaji wa nje vyote viwili vina sura moja: mtoto anasema ndiyo, anachukua mzigo, anatabasamu. Athmani anavyo vyote viwili, navyo vimesukana hata mwenyewe hawezi kuvitenganisha. Zamu ya Kombo aliyelala na homa anaishika kwa wema. Zamu ya yule baharia mzima wa afya anayetaka tu kulala anaishika kwa woga. Mwili wake unajua tofauti: ile ya kwanza haimchoshi, hii ya pili inamwacha na kitu kimemkaa kooni.

Kwa hiyo nimempa hasira, ila ndogo, ya namna yake. Baharia yule anamwomba zamu kwa mara nyingine, Athmani anajibu "Ndiyo, kaka," kisha anakwenda kuosha sufuria ambayo tayari ni safi. Anaisugua kwa mchanga mpaka serehangi, yaani msimamizi wa mabaharia, Ami Bakari, anamuuliza kama anataka kuitoboa. Nimeipenda sehemu hii kuliko nilivyotarajia. Wema wake sasa una uzito, kwa sababu msomaji ameona kwamba unamgharimu.

Bakari naye amekua katika kurasa hizi. Ndiye anayemfundisha Athmani kutupa bildi, kipimo cha kina cha maji. Risasi nzito mwisho wa kamba, kamba ina alama kila pima, na pima moja ni upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, karibu mita 1.8. Chini ya risasi pana kitundu kinachotiwa shahamu, ili bildi ikigusa chini irudi na mchanga au tope, na nahodha ajue yuko juu ya nini. Athmani anaipenda kazi hii papo hapo. Mtoto asiyeamini macho yake wala akili yake amepata kitu cha kushika mkononi ambacho hakimwombi akisie. Anakuwa hodari wake mapema kuliko wenzake, na sababu ni ileile shaka: anatupa mara mbili kila mara kabla ya kutangaza. Bakari anamsifu kwa uangalifu wake. Wala hajui kwamba ile mara ya pili ni hofu.

Agosti

Sura ya Ghuba ya Ungwana. Hii ndiyo roho ya kitabu, nami nimeishi ndani yake mwezi wote.

Mvua za vuli zimenyesha bara, mto Tana umefurika, unamwaga maji ya tope baharini karibu na Kipini. Ghuba ile ina maji machache na mafungu ya mchanga, na maji yakishakuwa ya rangi ya udongo huoni chini hata mchana. Hali ya Kombo imezidi kuwa mbaya. Nahodha ameamua kumshusha Kipini usiku huohuo, ingawa chombo kimejaa boriti na kimezama sana. (Kipini ni upande uleule wa pwani unaosimuliwa katika visa vya Liyongo. Athmani analikumbuka hilo anapoona mwambao ukiwa mweusi mbele yake, lakini nimempa mstari mmoja tu wa kulikumbuka.)

Athmani yuko omo na bildi. Pima tano, mchanga. Pima nne, tope. Kisha bildi inagusa mapema, na alama iliyo mkononi mwake ni ya tatu.

Akitangaza, chombo kitageuzwa, na Kombo atalala na homa ile mpaka asubuhi. Huyu ndiye mtu ambaye Athmani alimloweshea kitambaa. Na Bakari, aliyemfundisha bildi, ameshasema kwa sauti kwamba hapa anapajua, pana maji ya kutosha. Kutangaza ni kumcheleweshea mgonjwa msaada na kumkanusha mwalimu mbele ya watu. Huruma yake yote inamvuta upande wa kunyamaza. Shaka yake nayo inamwambia kamba ilipinda, mkondo uliivuta, vidole vina baridi, tupa tena kwanza.

Nilikuwa na njia mbili za kuiandika. Ya kwanza, ujasiri unamjia ghafla, shaka inaondoka, anapaza sauti. Niliandika hivyo, nikaisoma usiku, nikaona simjui huyo aliyepaza sauti. Njia niliyoishika ni hii:

"Pima tatu, tope!" Bildi ilikuwa imeshaondoka tena mkononi mwake kabla sauti haijafika tezi.

"Hapa pana maji, mwana," akasema Bakari. "Tupa tena."

"Natupa, Ami Bakari. Lakini iliyokuja ni tatu."

Hakuna zaidi ya hapo. Sauti yake inatetemeka, na bado ana shaka. Anatupa mara ya pili kama kawaida yake, ila safari hii ile ya kwanza haikungoja ya pili. Kwangu huko ndiko kukua kwa kijana wa namna hii: shaka imehama ulimini, imebaki mkononi, ambako inafanya kazi ya maana. Sitaki kumnyang'anya. Nikimnyang'anya nimemnyang'anya pia ule uangalifu, na kile kilichomfanya aulize habari ya maji ya kunywa siku za Liyongo.

Tena jibu lake kwa Bakari lina adabu yote ya mtoto wa Lamu. Anamwita Ami, anatii, anatupa tena. Ameweka tu ukweli mmoja mezani na hakuuondoa. Vijana wetu wanaolelewa katika heshima wanahitaji kuona kwamba jambo hilo linawezekana, kwamba unaweza kumkanusha mkubwa wako bila kuacha kuwa mwanawe.

Nahodha anageuza chombo, wanatia nanga kwenye maji mengi zaidi. Usiku ni mrefu. Kombo anaweweseka, na Athmani anakaa naye akijua kwamba ni yeye aliyemweka pale. Nimeiandika saa hiyo polepole, kurasa nyingi, bila mtu wa kuja kumfariji.

Oktoba

Nilibaki na uamuzi wa asubuhi yake. Je, fungu lionekane au lisionekane?

Mshono wa kalafati nimeuacha bila jibu, na kumnyima msomaji wa miaka 13 majibu mawili ni kumwonea. Hapohapo sikutaka bahari ije kumpa Athmani vyeti. Maji yakapwa, kwa kuwa ilikuwa bamvua yakapwa sana, na fungu likajitokeza, mawimbi yakivunjika juu yake, kushoto kidogo ya njia waliyokuwa wakiishika. Bakari anasema wangepita salama. Nahodha analitazama fungu, anatazama chombo chake kilivyozama, anaagiza chai. Dau linatoka Kipini, Kombo anashushwa akiwa hai na amedhoofika.

Kombo ndiye anayesema neno pekee la usiku ule, nalo ni, "Kitambaa kilikuwa kikavu." Athmani anaomba radhi. Nadhani wasomaji wengine watalia hapa. Mimi nililia nikiandika.

Bakari hakununa. Siku mbili baadaye anamwachia Athmani bildi bila kusimama nyuma yake, wanapopita karibu na Malindi, ambako mto Sabaki nao umetia bahari rangi. Msomaji makini ataona kwamba kule nyuma alikuwa akisimama kila mara.

Mombasa nimeipitia haraka: bandari ya kale, Ngome ya Yesu juu yake, boriti zinashushwa, jahazi linapandishwa, pamba inang'olewa. Athmani anaomba kushika mshono mmoja. Fundi wa Mombasa hamjui, anamuuliza kama anaweza. Jibu lake limenichukua muda, maana "naweza" si lake, na "siwezi" si kweli. Amejibu, "Nimewahi, bwana. Nitakuita ukague."

Iliyobaki ni safari ya kurudi na pepo za kusi. Kuna mtoto mpya chomboni, mdogo kuliko Athmani, anayejiamini kupita kiasi na asiyependa kufua maji. Nimeshaandika anavyopanda na kifurushi chake. Bado sijaamua kama Athmani atamfundisha bildi yeye mwenyewe au atamwachia Ami Bakari, na sura hiyo ndiyo nitakayoanza nayo Novemba.