Dodoso liligoma, sentensi mbovu ikafanya kazi: nilivyofanya utafiti wa dini nyumbani Bagamoyo

Ukifika mwaka wa tatu wa Masomo ya Dini, lazima atokee mtu wa kukwambia: "Tasnifu kitu gani? Tengeneza dodoso, maswali ya kuweka tiki, gawa, kusanya, andika, umemaliza." Mimi niliambiwa na kaka mmoja aliyenitangulia chuoni, akanipa na dodoso lake kwenye flashi nibadilishe majina tu. Yeye alisomea uongozi wa biashara, dodoso lake lilihusu wateja wa maduka ya simu. Siku ile nilishukuru kwa adabu. Leo namjibu.

Kwanza mnielewe nilikotoka. Mimi ni mtoto wa Dunda, Bagamoyo. Madrasa nimesoma, msahafu nimehitimu, kaswida nimeimba mpaka sauti ikakauka. Majina ya waliochaguliwa yalipotoka, nyumbani kukawa na kikao. Mjomba akauliza dini nimeshaijua, sasa chuo kitanifundisha nini? Shangazi yeye aliogopa nitarudi siswali. Jirani akauliza kazi ipo wapi, maana usheikh sipewi na upadri sipewi. Wote walidhani chuo kikuu kinafundisha kuamini. Wapi! Kule hufundishwi kuswali wala kuungama. Unafundishwa kuwatazama watu wanaoswali na wanaoungama, na kueleza unachokiona bila kuwapaka rangi.

Mihadhara ya mwanzo ilinitoa jasho. Darasa letu lilikuwa na mtawa wa Kikatoliki, ustadhi wa kutoka Kondoa, walokole wasiokosa kiti cha mbele, na kijana mmoja aliyejitangaza hana dini kabisa (isipokuwa wiki ya mitihani). Mhadhiri alianza na Max Müller, mmoja wa waanzilishi wa taaluma hii, yule aliyesema anayejua dini moja hajui hata moja, na ukumbi ukaguna. Akaja Durkheim, mwanasosholojia Mfaransa, na kitabu chake cha 1912 kuhusu dini, akaja Rudolf Otto wa 1917 na habari zake za utisho na mvuto wa kitu kitakatifu. Halafu tukaambiwa hukumu yako ya kwamba dini hii kweli na ile uongo iweke kwenye mabano kwa muda. Huitupi, unaiweka pembeni mpaka umalize kutazama. Ustadhi alipinga semista nzima, kisha akapata A.

Kilichonivusha mimi ni kumtafutia kila mwananadharia mfano wa nyumbani. Otto nilimwelewa kwa ile saa ya kiyamu kwenye maulidi yanayosomwa kwa kitabu cha Barzanji, watu wote wanaposimama, ubani umetanda na mrashi unapita. John Mbiti, Mkenya mwenzetu wa jirani, aliyeandika 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, huyo hakuhitaji mfano, alikuwa anaongea habari za bibi yangu. Na niliposikia kwamba Durkheim aliandika kitabu kizima juu ya wenyeji wa Australia bila kukanyaga Australia, nikajiona tajiri. Mimi zawiya, nyumba ya ibada ya masufi, naisikia kutoka kitandani.

Kwa hiyo mada ikajichagua: maulidi na dhikri (kule kumtaja Mungu kwa pamoja) za Qadiriyya, tariqa yaani njia mojawapo ya masufi, pale Bagamoyo. Barua ya chuo, ofisi ya mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, hayo yanajulikana, nenda na nakala za kutosha. Nikaprinti madodoso.

Sasa sikilizeni yaliyompata huyo dodoso.

Swali moja lilimtaka mtu aseme kwa kipimo cha 1 hadi 5 dhikri inamridhisha kiroho kwa kiasi gani. Mzee wa kwanza alilisoma, akalirudia, akavua miwani. "Mwanangu, weka zote tano. Mungu hapewi tatu." Wa pili akasema hivyo hivyo. Mpaka jioni nilikuwa na safu nzima ya tano, nikawaza nitachora jedwali gani hapo. Sehemu ya saini ya ridhaa ndiyo ilikuwa balaa. Bagamoyo watu wamechoshwa na karatasi. Habari za bandari, fidia na viwanja zimewafundisha kwamba ukisaini leo, kesho unakuta beacon, jiwe la mpaka, uani. Bibi mmoja aliniuliza, kwa upole kabisa, "Saini ya nini, mjukuu wangu? Shamba langu haliuzwi." Nikamweleza ni ya utafiti. Akasema hata wale wa shamba walisema utafiti.

Lakini lililozika kila kitu ni swali la nne, nililoachiwa na yule kaka kama lilivyo: "Asili ya familia yako ni wapi?" Kwa wateja wa simu labda halina neno. Kwa mji ulioshukiwa na misafara ya watumwa kutoka bara, unamuuliza mtu mzima asili yake mbele ya majirani, kwa maandishi, na mhuri wa chuo juu? Watu walinyamaza. Wengine wakapokea karatasi na kuahidi kuzijaza kwa nafasi. Baadhi ya nafasi hizo nilizikuta kwa muuza bagia pale stendi, zimefungia bagia za moto, swali la nne limelowa mafuta.

Nilikasirika, nikaenda kukaa barazani kwa babu mdogo, ndugu yake babu. Pale kila baada ya alasiri wanakusanyika wazee watatu wanne, kahawa chungu, kashata, siasa, mpira. Nikagundua jambo: wazee wale ukiwauliza kitu wanakwambia "hayo makubwa, waulize wanaojua". Ila mtu akikosea jambo mbele yao, hata tarehe ya mechi, hawavumilii. Hapo ndipo nilipopata akili.

Kesho yake nikaja na daftari. Nikaamkia, nikasema naomba niwasomee nilichoandika, mniambie kama Kiswahili changu kimenyooka. Nikasoma kwa sauti, taratibu kama mtangazaji: "Sheikh Ramiya alizaliwa Bagamoyo katika ukoo wa kiungwana, na tariqa aliirithi kwa baba yake."

Kimya. Muuza kahawa naye akasimamisha birika hewani. Mzee mmoja akaweka kikombe chini, polepole, kama mtu anayevua saa kabla ya ugomvi. "Nani kakuandikia upuuzi huo?"

Basi! Mvua ilinyesha bila mawingu. Huyu anaanza, yule anamkata, wa tatu anasema nyote wawili mlikuwa hamjazaliwa. Nikaambiwa alivyoletwa mtoto mdogo, mtumwa, kutoka Manyema, huko mashariki ya Kongo. Alivyosoma mpaka akawa khalifa, yaani kiongozi, mkubwa wa Qadiriyya mwambao huu. Alivyofariki 1931 na mwanawe Muhammad akaushika mji. Hayo ya vitabuni nilikuwa nayo. Ambayo sikuwa nayo ni yale waliyogombana wenyewe: siku za maulidi bendera zilipita njia ipi, wageni wa bara walilala nyumba zipi, nani alikuwa na haki ya kukaa karibu na khalifa na nani alijipachika. Na lile neno asili, lililowafunga midomo kwenye dodoso, likatoka lenyewe. "Sasa kama khalifa mwenyewe aliletwa na msafara," akasema mzee mmoja, "wewe unayejiita muungwana hapa ni nani?" Sura yangu ya tano yote imesimama juu ya sentensi hiyo.

Kama utaiga, angalia unakosea nini. Kosea kwenye jambo kubwa ambalo mji mzima unalijua, usiguse ukoo wa aliyekaa mbele yako, na maandiko usithubutu kabisa, aya haichezewi. Halafu kabla hujaondoka wajulishe ulikuwa unatega, waamue kama maneno yao yatumike. Mimi waliniita mjanja, wakacheka, wakaruhusu. Msimamizi wangu yeye hakucheka mara moja. Alitaka niueleze mtego wote kwenye sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, na ridhaa ya kila mzee iwepo. Ndipo nikajifunza kwamba ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa kwenye simu inakubalika ukieleza sababu. Kama ningeambiwa mapema, madodoso yale yangebaki miti.

Upande wa wanawake sikuhitaji ujanja. Usiku wa kuamkia maulidi nilikaa uani kuchambua mchele. Ungo magotini, unasukuma punje kwa kidole gumba, jiwe unalitupa nyuma ya bega bila kutazama. Macho yakiwa kwenye ungo, hakuna anayemwonea mwenzake haya, kwa hiyo wanasema. Kule ndiko nilikojua nani hasa anapanga sherehe, nani anachangisha, na kwamba wanaume hupewa taarifa mwisho.

Msimamizi akataka pia nilinganishe. Nikavuka kwenda misheni. Mapadri wa Roho Mtakatifu walihamia kwetu kutoka Unguja mwaka 1868, wakawa wanawakomboa watumwa kwa kuwanunua, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji. Kwa hiyo kanisa na zawiya, ukiacha kengele na dufu, zimekuzwa na watu walioshushwa na misafara ile ile. Shida ni kwamba mapadri wale waliandika kumbukumbu zao kwa Kifaransa. Yule mtawa wa darasani kwetu anakijua. Alinisomea kurasa nilizopata, nami nikamlipa kwa pilau la maulidi, akarudi na sahani kuomba jingine.

Gharama sikuziandika vizuri. Madodoso yalikula kama elfu arobaini na ushee, na ndiyo hela inayoniuma mpaka leo. Nauli za Makumbusho kwenda na kurudi, kahawa, kashata, kufunga vitabu, weka laki na nusu au mbili. Bumu, ile hela ya mkopo wa kujikimu, lilichelewa kama kawaida.

Nakala moja niliipeleka barazani. Wameisoma kwa zamu na wameshaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Muuza kahawa ndiye aliyenuna, kwamba maneno yake yamo na jina lake halimo. Nikamweleza taratibu za utafiti zinataka majina yafichwe. Akasema sawa, ila nikija tena kwa ajili ya shahada ya pili, kahawa nilipe kabla ya kukaa.