Patasi isiyokata si patasi

Kwa karakana ya nyumbani, futi kamba, guniya (kipimo cha pembe mraba), msumeno wa mkono, nyundo na bisibisi mbili zinatosha kuanzia. Ongeza patasi yenye upana wa milimita 20, na hapo ndipo wengi wanapokwama: patasi nyingi za dukani huja bila makali ya kufanyia kazi.

Anza na mgongo, yaani upande bapa usio na mteremko. Ulaze bapa kabisa juu ya jiwe la kunolea lililolowa, usugue mpaka sentimita 2 za mwisho zing'ae sawasawa. Mgongo wenye bonde penye makali hautoi makali safi. Kisha geuza upande wa mteremko, inamisha kwa pembe ya nyuzi 25 hadi 30, sugua mpaka kidole kihisi ukingo wa chuma ukikwaruza upande wa mgongoni. Usipouhisi, hujafika, endelea. Ukingo huo uondoe kwa kuulaza mgongo tena juu ya jiwe na kusugua mara mbili tatu.

Ukitumia grinda (mashine ya jiwe linalozunguka), chovya majini kila mara. Chuma kikigeuka bluu, ugumu umetoka na makali yatalala upesi. Jaribu kwenye kichwa cha ubao wa msonobari, pale ubao ulipokatwa kwa upana: ikate laini, isiponde nyuzinyuzi za mbao. Mpini wa mbao ugonge kwa nyundo ya mbao. Ya chuma huupasua.