Invoisi ya mboga na wingi wa Kiingereza

Mimi huuza mboga Marikiti, na kwa miaka kadhaa sasa napeleka mzigo kwenye hoteli moja huko Westlands. Mzigo haukuwahi kunitoa jasho kama karatasi. Siku moja karani wa stoo aliisoma invoisi yangu kwa sauti mbele ya wapishi: "tomatos", "bunchs", "10 dozens of eggs". Wakaangua kicheko. Pesa nililipwa, ila nilirudi sokoni nimenuna.

Jioni nikamwonyesha mtoto wa kaka yangu, aliye chuoni. "Shangazi," akasema, "si wewe hupanga nyanya kwa mafungu? Na maneno yapange vivyo hivyo."

Fungu kubwa halikutusumbua: onion, carrot, egg, unaongeza s ukaenda zako. Lililofuata nililipata kwa sikio. Hebu tamka "boxs" au "bunchs". Ulimi unakwama, maana neno lenyewe limeishia kwa mlio wa namna ya s. Ndipo irabu inapenyezwa katikati: boxes, bunches, radishes. Sisi tuliozoea kutia irabu kila pembe tungepaswa kulijua hilo zamani! Strawberry hugeuka strawberries, ila turkey, yenye irabu kabla ya y, hubaki turkeys. Leaf huwa leaves na knife huwa knives, lakini roof ni roofs. Hapo nilikariri tu.

Niliyoyapenda ni yale makaidi. Foot ni feet, tooth ni teeth. Kijana akanieleza kwamba hapo kale wingi wa maneno haya ulikuwa na sauti ya i mwishoni; ikaivuta irabu ya katikati, kisha yenyewe ikadondoka. Nikamwambia hata kwetu jino huwa meno, kwa kuwa ma- imekutana na -ino zikaungana. Sheep nayo ni kama nyumba, iwe moja au mia. Dozen ikitanguliwa na nambari haitaki s: 10 dozen eggs. Garlic na spinach hazihesabiwi kabisa, unaandika kilo.

Lakini hadithi ya minji ndiyo iliyonichekesha. Waingereza walikuwa wakisema "pease", hata kwa punje moja. Baadaye watu wakadhani ule mlio wa mwisho ni wa wingi, wakaukata, ikazaliwa "pea". Kumbe ni kama sisi tulivyosikia "keep left" tukaona ki- ya ngeli, na leo magari yanazunguka vipilefti.

Siku hizi karani hasomi tena kwa sauti. Maembe kamusi inaruhusu mangos na mangoes; mimi huandika mangoes, yafanane na tomatoes na potatoes zilizo juu yake. Avocados pekee ndiyo haitaki e, na kila nikifika hapo kalamu husita kidogo.