Uzoefu wangu: kujifunza maneno ya Scrabble kwa makundi ya herufi

Scrabble ni mchezo wa kuunda maneno ubaoni kwa vigae vya herufi, na mashindano yake ya Kiingereza huku Afrika huchezwa kwa orodha ya Collins, yaani orodha ya maneno yanayokubalika, yenye maneno karibu 280,000. Kuisoma kutoka A hadi Z hakusaidii, maana vigae saba vinavyotoka mfukoni havifuati mpangilio wa kamusi. Mimi niliyapanga maneno kwa urefu, kisha ndani ya kila urefu nikayakusanya kwa herufi yanazoshiriki.

Maneno ya herufi mbili ndiyo msingi. Toleo la 2019 lina 127, na niliyashika kwa kuanzia kwenye herufi nzito, yaani zenye pointi nyingi. Q ina QI. J ina JA na JO. Z ina ZA, ZE na ZO. X ina AX, EX, OX, XI na XU. V haina hata moja, na jambo hilo linastahili kukaa kichwani muda wote wa mchezo. Neno likilazwa sambamba na jingine, kila mahali herufi mbili zinapogusana lazima pazaliwe neno; V ikigusana na herufi moja tu, halizaliwi. Kwa hiyo V huitoa kwa kukatiza, kwa maneno mafupi kama VEX, VOX, VUG, AVO, OVA na REV. Ukiwa unaongoza, V hiyohiyo unaiweka makusudi mahali ambapo mpinzani angepanga neno refu kando yake. Lakini QI ndiyo yenye faida kubwa: Q ikikaa kwenye mraba unaozidisha herufi mara tatu, na ukaisoma QI kwa mlalo na kwa wima, unapata pointi 62 kwa vigae vitatu tu.

Angalia chanzo cha orodha kabla ya kukariri. ZO na CH zinakubalika Collins, lakini Marekani hazikubaliki. Anayechanganya orodha mbili hupoteza zamu akiwa na uhakika kabisa.

Ya herufi tatu yanapita 1,300. Haya sikuyakariri kama orodha, niliyajifunza kama herufi za kubandika. Kila neno fupi lina kadi yake: katikati neno lenyewe, kushoto herufi zinazoweza kulitangulia, kulia zinazoweza kulifuata. Utaratibu huo unafaa pia kwa maneno marefu zaidi. Kadi ya HOST ina G kushoto, kulia A na S. Kadi ya RANGE ina G na O kushoto. Kulia D, R na S. Ukiona RANGE ubaoni na unajua O inabandikwa mbele, unaweza kushusha neno lako lote likipitia O hiyo na kuhesabiwa maneno yote mawili. Mchezaji wa kawaida huiona S tu, na S ziko nne mfukoni.

Kundi la Q isiyofuatwa na U ndilo msomaji wa Kiswahili analichukua haraka kuliko Mwingereza, kwa kuwa mengi yametoka Kiarabu: QADI ni kadhi, QIBLA ni kibla, WAQF ni wakfu, TALAQ ni talaka, NIQAB ni nikabu, FAQIR ni fakiri. Ongeza QAT, QAID, QANAT na TRANQ. Yamo pia ya kwetu moja kwa moja: DUKA, PANGA, SHAMBA, UGALI, KANZU, UHURU, MZEE. Wingi wake huchukua S, kwa hiyo andika DUKAS na PANGAS bila kusita.

Kundi la kupunguza irabu zikikujaa mkononi ni fupi: EAU, AURA, AIDE, OUZO, ADIEU, AUDIO, AUREI, AALII, MIAOU. Ukibaki na konsonanti tupu, kuna HM, SH, NTH, TSK, PSST, CWM na CRWTH.

Kazi kubwa iko kwenye herufi saba, kwa sababu kutumia vigae vyote saba kunaongeza pointi 50. Hapa nilifanya kazi kwa mashina, yaani herufi sita ambazo ukiziongezea ya saba na kuzipanga upya unapata neno. Shina la TISANE huungana na kila herufi isipokuwa Q na Y. Ukiongeza D unapata INSTEAD, DETAINS, SAINTED na STAINED. Kwa G kuna SEATING, TEASING na EASTING. Kwa V NATIVES na NAIVEST. Kwa Z ZANIEST. Shina RETINA nalo lina utajiri wake: C inatoa CERTAIN, F inatoa FAINTER, P inatoa PAINTER, PERTAIN na REPAINT.

Kuyakusanya makundi haya nilitumia Excel mpya. Safu A ina maneno. Safu B ina =LEN(A2), yaani urefu. Safu C ina =CONCAT(SORT(MID(A2,SEQUENCE(LEN(A2)),1))), inayopanga herufi za neno kialfabeti. Panga jedwali kwa B, kisha kwa C: maneno yenye herufi zilezile yanakaa pamoja. PAINTER na wenzake wote wanasimama chini ya AEINPRT. Excel ya zamani haina SORT wala SEQUENCE, itarudisha kosa. Programu ya Zyzzyva inafanya kazi hiyo bila fomula.

Wakati wa kujipima, onyesha safu C pekee, ficha A, na taja maneno yote ya kundi kabla ya kufunua. Ukikosa hata moja, kundi zima linarudi mwanzo, maana kukumbuka PAINTER peke yake hakukusaidii ubaoni ikiwa P yake haiingii na PERTAIN ingeingia. Ukilipata lote, lirudie baada ya siku 3, kisha 7, 14 na 30.

Maana za maneno niliziacha nyuma. Nigel Richards wa New Zealand alitwaa ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa mwaka 2015 bila kuzungumza Kifaransa. Maana nilizitafuta kwa neno lililokataa kukaa tu, kama CRWTH: ni ala ya nyuzi ya huko Wales, na wingi wake ni CRWTHS.